Kutoka Mwitongo hadi Makoroboi

Jumatano, Butiama

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yako Mwitongo, pembeni ya Butiama, katikati ya majabali ambayo pimbi wameyamiliki tangu zamani. Hiace ya kutoka Musoma ilinishusha mapema mno, milango bado imefungwa, kwa hiyo nilianza na makaburi kabla ya kabati za vioo. Yuko Mwalimu mwenyewe, na yuko baba yake, Burito, aliyekuwa chifu wa Wazanaki na kufariki mwaka 1942, mwanawe akiwa bado anasoma.

Makumbusho haya yalifunguliwa Julai 1999, Mwalimu akiwa hai. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo akafariki London, akarudishwa kuzikwa hapa. Maana yake vitu hivi viliwekwa kabatini wakati mwenyewe angali anaweza kuja kusema, jamani, ile fimbo naihitaji. Waliojengewa makumbusho wakiwa bado wanapumua ni wa kuhesabu.

Ndani nilijikuta nikivigawa vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zawadi: vinyago na kazi za mikono ambazo watu wa ndani na nje ya nchi walimpa kwa miaka mingi. Nyingine ni kazi safi kabisa, mtu wa kuchonga au kuchora atasimama mbele yake hadi miguu imchoke. Ila zawadi ya rais hutengenezwa ikijua itapokelewa mbele za watu, na hilo huonekana: kila kitu kimeng'arishwa, kila sura imetulia. Fungu la pili ni nguo, viatu, samani, vitu vya matumizi. Kiatu kilichovaliwa kina umbo la mguu wa mtu mmoja tu, na hakuna mchongaji anayeweza kulibuni. Nilichora viatu kurasa mbili nzima za daftari langu, kisha nikachoka kuchora. Vyombo vya nyumbani vya Wazanaki nilivipitia harakaharaka, si kwa dharau, ila vingi vyake kwa bibi yangu mzaa baba vipo na bado vinapikiwa.

Nilipotoka nje nilirudi tena kwa mzee Burito. Huyu alikuwa chifu. Mwanawe akawa mkuu wa nchi, na ni serikali ya mwanawe iliyofuta uchifu nchi nzima mwaka 1963. Siku moja mtu ana kiti, ana ngoma, ana baraza la kumsimika na kumshauri. Siku ya pili ni raia kama muuza nyanya. Baadhi ya machifu walikuwa wasomi, wakaingia serikalini wakaendelea na maisha. Lakini ngoma haiwezi kuomba kazi serikalini. Ngoma za watemi, yaani machifu wa Usukumani, zilikwenda wapi? Jibu la sehemu yake ninalijua, ndiyo maana kesho naelekea Kisesa, njia ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Bujora.

Alhamisi, njiani

Bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi la Mwanza. Bunda tulisimama kwa muda wa mtu kula mahindi mawili. Kuanzia hapo barabara inaikaribia Serengeti, upande wa Ndabaka, na nyani wanakaa ukingoni wakingoja kitu kirushwe dirishani. Lamadi, Magu, halafu mashamba ya pamba yaliyokwisha vunwa. Sina zaidi la kusema kuhusu siku hii isipokuwa kwamba basi lilikuwa na video ya maigizo yenye sauti ya kupasua masikio na dereva hakuwa akiisikia, kwa sababu alikuwa kwenye simu.

Kisesa mjomba alikuwa amekaa juu ya baiskeli yake kituoni.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mpwa wangu. Mwadila.”

Hapo lazima nimjibu kwa Kisukuma cha mama, vinginevyo begi langu nitalibeba mwenyewe. Nyumbani tulikula michembe na maziwa mgando, na mjomba akataka kujua kama ni kweli nimelipiwa fedha ili nije kutazama ngoma.

Ijumaa, Bujora

Niseme sasa kilichonileta. Shule moja ya msingi hapa Kisesa imepiga plasta ukuta wake mrefu unaotazama barabara, na inataka uchorwe ngoma na wachezaji wa Kisukuma. Mwalimu mkuu alinitumia mifano aliyoitoa mtandaoni. Kwenye mfano wa kwanza walikuwa Wazulu, na kwenye wa pili Wamasai wakiruka. Mimi kazi yangu ni mabango ya maduka na majina ya mitumbwi, sijifanyi mtaalamu, lakini nilimwomba anipe siku chache nikaone vitu vyenyewe. Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, iko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka barabara kuu, unapanda kilima kati ya mawe.

Kwanza historia yake, maana bila hiyo mtu haelewi kwa nini makumbusho yako uani mwa kanisa. Padri David Clement alikuwa Mkanada wa Quebec, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Wasukuma wakampa jina Fumbuka na jina likamkaa. Miaka ya 1950 yeye pamoja na Wasukuma waliokuwa na ari hiyo waliunda kamati ya utafiti: kukusanya nyimbo, methali, desturi, na vitu. Mwaka 1958 kanisa likajengwa, la mviringo, kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma. Tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungulia misa lugha na mila za wenyeji, ulianza 1962. Wakati Bujora inajenga kanisa linalofanana na nyumba ya mtemi, misa bado ilisomwa kwa Kilatini, na sehemu nyingi ngoma ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya uzio pamoja na dhambi nyingine. Makumbusho yenyewe yalifuata mwaka 1968.

Kwa hiyo tazama miaka ilivyopangana: 1958 kanisa, 1963 uchifu unafutwa, 1968 makumbusho. Ngoma zilipokosa kazi, Bujora palikuwa tayari na watu wenye mazoea ya kukusanya na kuandika. Sidhani Fumbuka aliipanga hivyo. Ilitokea, naye alikuwepo.

Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Jengo zima ni kiti! Nilikuwa nimelisikia hilo, nikadhani ni maneno ya kuvutia wageni, lakini ukirudi nyuma hatua kadhaa unaliona: kigoda cha mtemi kilichokuzwa hadi watu wakaweza kuingia ndani yake. Kama mchoraji ningependa kumpa mkono aliyeliwazia. Majengo mengi ya makumbusho ni sanduku, kitu kiko ndani na sanduku halisemi neno. Hapa jengo limeshaanza kueleza kabla hujaona ngoma hata moja.

Na ngoma zenyewe, jamani. Zimetoka katika tawala mbalimbali za Usukumani, kubwa na ndogo, pana na nyembamba. Nilikuwa nimezoea kuchora ngoma kwa mistari miwili ya pembeni na duara juu, basi. Hakuna ngoma ya namna hiyo mle. Kila moja ni gogo lililotobolewa na mtu mmoja kwa mkono, hivyo ubavu mmoja umetuna kuliko mwingine, na ngozi iliyowambwa imevutwa zaidi upande mmoja. Pale ngozi ilipopigwa kwa miaka kuna weusi unaong'aa, na weusi huo haupo katikati kabisa. Uko kando kidogo, pale mkono wa mpigaji ulipozoea kutua. Nilichora weusi tu. Kijana aliyekuwa ananizungusha akaniuliza mbona sichori ngoma.

Akanieleza pia jambo lililonifurahisha kuliko yote ya leo. Ngoma hizi bado zinapigwa. Sikukuu za kanisa, wageni wa serikali wanapokuja, shughuli kubwa, zinatolewa zinafanya kazi, kisha zinarudi. Butiama sikuona kitu kinachotoka kabatini kikirudi. Wala silaumu, viatu vya marehemu atavivaa nani? Lakini tofauti ni kubwa. Ngoma ya mtemi ilipigwa anaposimikwa, anapofariki, panapokuwa na vita. Mtemi hayupo, ikapewa kazi nyingine, na ngozi yake inaendelea kupata weusi.

Baada ya hapo nilizunguka nje. Kuna nyumba ya Kisukuma na jiwe lake la kusagia. Kuna nyumba ya mhunzi na zana zake, na hapo inafaa kusema kwamba chuma cha ukanda huu kilitoka sana ng'ambo, Buzinza, kwa wafua chuma wanaoitwa Walongo, na jembe la chuma halikuwa la kulimia tu. Lilitumika kwenye mahari na katika biashara. Majembe ya viwandani yalipofika kwa meli na treni, matanuri yalizimika. Wahunzi wa kufua vyuma chakavu wao hawakuzimika, nitawafikia Jumatatu.

Kuna nyumba ya nfumu, mganga wa jadi, na vijumba vya masamva, mizimu ya ukoo. Nilisimama hapo muda mrefu nikitazama msalaba wa kanisa upande mmoja na kijumba cha masamva upande wa pili. Wamisionari kwa miaka mingi waliwaambia babu zetu wavunje vijumba hivi. Hapa kimoja kimejengwa upya na watu wa kanisa ili wajukuu wakione. Mtu anaweza kusema hii ni heshima, mwingine atasema jambo likishashindwa ndipo huwekwa makumbusho. Mimi nilisikia zote mbili kwa pamoja na sikuona haja ya kuchagua.

Mwisho nikaonyeshwa silinda kubwa ya mbao inayozungushwa kwa mkono. Imeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi, kwa maana Wasukuma hawakuwa na hesabu moja. Marika yalikuwa na zao, kila kundi na maneno yake ambayo kundi jingine halikuyaelewa, hivyo mliweza kuhesabu mbele ya watu na siri ikabaki yenu. Niliizungusha silinda ile mpaka kijana akaangalia saa.

Jumamosi, Bujora tena

Leo nilikwenda na mjomba, kwa masharti yake: tuanze na banda la wachezaji, na nisimkatize anapoongea.

Ili umwelewe mjomba lazima ujue kwamba Usukumani kuna Bagika na kuna Bagalu. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwepo wachezaji wawili mahiri, Ngika na Gumha, kila mmoja akijiona ndiye bingwa, na kila mmoja ana dawa zake. Ubishi haukuisha walipokufa. Wafuasi wa Ngika ni Bagika, wa Gumha ni Bagalu, na hadi leo wakikutana uwanjani wanacheza kwa wakati mmoja, pande mbili, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wenyewe kwa miguu yao ndio matokeo.

Mjomba ni Mgalu. Babu yake Mgalu. Mwalimu mkuu aliyenipa kazi, nimekuja kugundua leo, ni Mgika.

“Sasa amekuambia uchore nani kushoto?” mjomba aliuliza.

“Hajasema, mjomba.”

“Hajasema. Anangoja.”

Ushindani huu ndio uliozaa sanaa ambayo mtu wa kazi yangu anaitafuta. Kama ushindi ni umati, basi lazima uwe na kitu cha kuwaita. Ndiyo maana Wasukuma wakachonga sanamu za kuchezea, nyingine kubwa, nyingine zenye mikono na miguu inayotikiswa, zikibebwa na wachezaji ili mtu aliyekuwa anatazama kule ageuke atazame huku. Ukiziona zimesimama peke yake zinaonekana kama zimechongwa kwa haraka: uso mpana, macho mawili, mdomo, basi. Mjomba alinieleza kwa kifupi: “Hii haikuchongwa ya kutazamwa karibu. Simama pale kwenye mti.” Nikaenda kwenye mti. Kutoka pale uso uliita. Hilo ni somo la mabango ambalo mimi nalifahamu, maana herufi ya duka la dawa haiandikwi kwa ajili ya aliyesimama mlangoni, inaandikwa kwa ajili ya aliye ndani ya daladala. Sikutegemea kulikuta kwa wachongaji wa enzi za Ngika na Gumha.

Wengine wakatumia wanyama. Banunguli wanacheza na nungunungu, Bayeye na nyoka, chatu mzima shingoni, na fisi naye ameshawahi kuletwa uwanjani. Bugobogobo ni ngoma ya majembe: majembe yanarushwa juu, yanazungushwa, yanadakwa kwa pamoja, na asili yake ni kulima shamba la mtu kwa ushirika huku ngoma ikiwapa wakulima mwendo. Wigashe inachezwa mkiwa mmekaa. Mjomba alinionyesha wigashe pale pale, juu ya jiwe, mabega na kichwa tu, na watoto wa shule waliokuja kutembelea wakaacha kumsikiliza mwongozaji wao. Alifurahi sana. Watu walikuwa wamehamia upande wake.

Kuhusu Bayeye nina la kuongeza. Chama chao kilikuwa na nyumba za kufundishia wanachama wapya, na kuta za ndani zilichorwa: nyoka, watu, mazimwi ya kale, kwa rangi za udongo. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni na kuishi Mwanza, alizinakili michoro hiyo, na mwaka 1953 ikatolewa kwenye kitabu. Niliwahi kuona kurasa zake nikiwa chuo. Nyumba za udongo huanguka, zikijengwa upya zinachorwa upya, kwa hiyo mchoro wa awali haupo mahali popote, umebaki kwenye karatasi. Mjomba alisema hakuwahi kuingia kwenye nyumba hizo kwa sababu hakuwa Myeye, na kama angekuwa Myeye asingeniambia. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Akaniambia nisimkatize.

Kwenye silinda ya hesabu alianza vizuri ile ya wachungaji, akafika nne, akasimama, akacheka peke yake. Hakuniambia kinachochekesha.

Jumapili, Bujora na Kageye

Misa ya asubuhi. Ndani ya kanisa lile la mviringo sauti haiendi mbele ikaishia ukutani, inazunguka. Kwaya ilikuwa na ngoma na kayamba, misa ya Jumapili ya kawaida. Sikukuu kubwa ya hapa ni ya Mwili na Damu ya Kristo, mwezi wa sita, na baada yake ndipo Bulabo, tamasha la ngoma, inachezwa, Bagika na Bagalu wanakutana, watu wanatoka Shinyanga, Simiyu, Geita. Fumbuka aliichukua siku ya maandamano ya Ekaristi akaifungulia uwanja wa ngoma. Naamini mapadri wenzake hawakukosa kunong'ona.

Kisesa imezoea wakuu. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa hapa na machifu kwa jina la Chifu Hangaya. Mjomba alikuwepo, na alichokiona yeye ni nani alicheza vizuri siku hiyo. Mimi nilikuwa namfikiria mzee Burito kule Mwitongo. Sheria ya 1963 haijarudi nyuma, machifu hawana dola, lakini rais wa nchi hiyohiyo ameketi kati yao.

Mchana nilichukua bodaboda hadi Kageye, ufukweni mwa ghuba ambayo ramani zinaiita Speke. Henry Morton Stanley alifika hapa tarehe 27 Februari 1875 na msafara wake, wakiwa wamebeba mashua iliyokatwa vipande kutoka pwani, wakaiunga wakaiingiza majini wiki iliyofuata. Mwenzake Frederick Barker alifariki hapa mwezi wa nne, Stanley akiwa ziwani. Ni mahali palipopita misafara, na katika misafara ile walikuwemo watu waliouzwa. Siku hizi ni mitumbwi, dagaa walioanikwa juu ya nyavu, na watoto wanaojua kuelekeza wageni. Wapagazi waliobeba vipande vya mashua ile mabegani tangu pwani hawana kitu chochote hapa cha kuwataja. Nilichora mtumbwi mmoja kwa sababu ya rangi zake nikarudi kabla ya giza.

Jumatatu, Mwanza mjini

Daladala ya kwenda mjini inapita Igoma, walipozikwa wengi wa waliofariki kwenye MV Bukoba, 21 Mei 1996. Konda anaendelea kudai nauli, lakini abiria wa umri fulani wanageuza shingo. Mama aliyekaa karibu yangu aliacha kuongea hadi tulipopita.

Mjini nilikuja kununua rangi. Nilianzia kwenye kipilefti chenye sanamu ya samaki, kwa kuwa kila mtu anaelekeza njia kwa samaki yule, na sanamu ambayo mji mzima unaitumia kupeana miadi imefaulu kazi yake hata kama magamba yake yananikera. Mtu akiniuliza makusanyo ya sanaa ya Mwanza yako wapi nitampeleka Bujora kwanza, kisha nitamleta Makoroboi.

Makoroboi ni pale chini ya majabali, karibu na katikati ya mji, walipojazana mafundi wa vyuma chakavu. Jina limetokana na taa za mafuta ya taa walizokuwa wakizitengeneza kwa makopo, zile zilizotusomesha wengi wetu. Leo umeme umefika vijiji vingi na taa za sola zimejaa sokoni, lakini nyundo hazijanyamaza: majiko ya mkaa, masufuria, ndoo, karai. Nilimtazama mzee mmoja akikunja bati kwa nyundo bila kupima kwa rula, akizungusha polepole hadi mdomo wa jiko ukakutana. Kelele ni kubwa kiasi kwamba bei mnapatana kwa vidole. Nilimwonyesha kwenye daftari mchoro wa zana za mhunzi wa Bujora. Akautazama, akaweka kidole kwenye nyundo niliyochora, akatikisa kichwa, akanipa ya kwake niishike. Mpini ulikuwa mfupi kuliko nilivyouchora. Nikaurekebisha pale pale naye akaridhika.

Rangi nimepata zote isipokuwa ile nyekundu ya udongo, nitaichanganya mwenyewe. Sikununua nyeusi ya kopo kwa ajili ya ngozi za ngoma. Nitapiga kahawia tabaka kwa tabaka na kuacha weusi utokee kando, pale mkono unapotua.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa shuleni na michoro yangu mezani. Mwalimu mkuu upande mmoja, mjomba upande mwingine; hakualikwa, alinisindikiza. Mwalimu aliikubali ngoma ya kati bila maneno. Aliwakubali wacheza bugobogobo. Kisha akauliza kwa upole kwamba hawa wa upande wa geti, ni Bagika?

“Upande wa geti ndio unaoonekana kwanza,” mjomba akasema.

“Ndiyo maana nauliza, mzee wangu.”

Nikawaambia pande zote mbili zina wachezaji sawa, ukubwa sawa, majembe sawa. Hilo halikumridhisha yeyote kati yao. Mjomba akainama juu ya karatasi akitafuta kitu.

“Na watazamaji umewachora wapi? Wengi wako upande gani?”

Nikamwambia watazamaji siwachori. Ukuta unatazama barabara ya Musoma, watu wa kutosha wanapita pale tangu alfajiri. Kila atakayesimama atachagua mwenyewe pa kusimama. Walinyamaza, wakatazamana, na niliona kila mmoja ameshaanza kuhesabu watu wake. Mwalimu mkuu akasaini fedha ya awali. Kesho tunapiga rangi ya chini, na mjomba amejitolea kushika ngazi, upande wa geti.